Risala ya Mafundi Wakereza Vyuma wa Tanga kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa



Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, sisi ni mafundi wakereza vyuma wa Tanga mjini, Muheza, Korogwe na Pangani. Tunasimama mbele yako siku hii ya Mei Mosi. Tunayo malalamiko na tunayo maombi, na yote tutayasema pamoja na sababu zake.

Mheshimiwa, mashine za mkoa huu hazijawahi kuzunguka bila mkereza vyuma. Mwaka 1893 ndipo reli ilipoanza kujengwa kutoka hapa Tanga kwenda bara, na mwaka huohuo miche 62 ya mkonge iliyonusurika safari ya baharini ilipandwa Kikogwe, Pangani. Reli ikataka karakana, mkonge ukataka korona, yaani mashine ya kuchakata majani yake, na vyote viwili vikataka mtu wa kusimama kwenye lethi, mashine ya kukerezea. Katika miaka ya 1960, nchi yetu ilipokuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, mashamba makubwa yalikuwa na karakana zake yenyewe. Wengi wetu tumefundishwa na wazee waliojifunza humo.

Tuanze na korona, maana bado ndiyo inayotulisha. Ngoma yake ina visu vinavyokwangua nyama ya jani na kuacha nyuzi. Nafasi kati ya visu na kitako ikizidi, nyama hubaki kwenye nyuzi. Ikipungua, nyuzi hukatika. Kinachoishika nafasi hiyo isiyumbe ni shafti na beringi zake. Sasa maji ya mkonge ni makali, yanakula chuma, na hewa ya bahari inamalizia. Shafti huletwa kwetu zikiwa zimelika pale beringi inapokaa. Tunazijaza kwa kuchomelea, tunazikereza upya, tunazipima kwa mikromita. Shafti ya kipenyo cha milimita 100 ikipimwa ingali na joto la nyuzi 50, inakuwa imetanuka kwa zaidi ya sehemu tatu za mia za milimita moja kuliko itakavyokuwa kwenye nyuzi 20. Asiyesubiri ipoe ataipunguza kupita kiasi, na beringi itacheza siku ya kwanza. Fundi analijua hilo, kwa hiyo anasubiri, hata kama meneja wa shamba anapiga simu kila baada ya dakika kumi kwa kuwa majani yaliyokwisha kukatwa yanaharibika.

Ujuzi wa namna hiyo hauna karatasi, Mheshimiwa, na kwa kukosa karatasi tunaachwa nje ya geti.

Bandari yetu imeboreshwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 429, na kina cha maji kwenye gati kimefikishwa mita 13. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima linakomea Chongoleani, ndani ya jiji hili. Tulifurahi kama wenyeji wote. Lakini kila tunapokwenda kuomba kazi ya bushi, pini au flanji kwa wakandarasi, tunaulizwa vitu vitatu: cheti cha fundi, cheti cha ugezi, yaani uhakiki wa usahihi, wa vifaa vya kupimia, na cheti cha chuma chenyewe. Hatuwalaumu kwa kuuliza. Mtambo wa mafuta haufai kufungwa kwa bolti isiyojulikana chuma chake, na fundi wa kweli hawezi kutaka apendelewe katika jambo la usalama. Tunacholalamikia ni kwamba vyeti hivyo vinadaiwa Tanga, na njia ya kuvipata Tanga haijatufikia.

Mmoja wetu alikereza bushi za shaba kwa mchoro aliopewa na kampuni moja. Zilijaribiwa zikakaa sawasawa. Zikakataliwa hata hivyo, kwa kuwa mikromita yake haikuwa na cheti cha ugezi. Bushi zikaagizwa ng'ambo, na mashine ikakaa bila kazi hadi zilipofika. Fundi akabaki na shaba aliyoinunua kwa fedha yake.

Ombi letu la kwanza, na ndilo tunalolishika kuliko mengine yote, ni ugezi. Maabara ya taifa ya kazi hiyo iko Shirika la Viwango (TBS), Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Fundi mwenye lethi moja hawezi kufunga karakana, kupeleka mikromita mbili, kulala huko na kurudi tena kuzichukua. Tunaomba wataalamu wa TBS waje Tanga mara mbili kwa mwaka na vifaa vyao, kwa tarehe zinazotangazwa mapema. Tunaomba pia seti ya vipande rejea vya kupimia iliyogeziwa iwekwe katika ofisi ya shirika la viwanda vidogo, SIDO, au chuo cha ufundi cha VETA mkoani, mahali ambapo fundi yeyote anaweza kwenda asubuhi akahakikisha kifaa chake kabla ya kuanza kazi nyeti. Gharama tuko tayari kuchangia.

Kuhusu cheti cha fundi, VETA tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo. Tunaomba utaratibu huo utufikie, na mtihani wake ufanyike kwenye mashine zetu. Mpeni mzee mchoro na kipande cha chuma, kisha pimeni atakachokitoa. Na chuma chenyewe, Mheshimiwa, leo tunakinunua kwenye skrepa na kukikisia kwa rangi na umbo la cheche zake kwenye jiwe la kusagia. Mkoa ukituwezesha kupata kipima ugumu kimoja cha pamoja, na muuzaji wa vyuma vyenye cheti anayekubali kuuza hata nusu mita, tutaacha kukisia.

Liko jambo linalotuhusu wenyewe kwa wenyewe, na wenye karakana waliosimama nasi hapa wamekubali lisomwe. Vijana wetu wanaumia. Mwanagenzi mmoja shati lake lilinaswa na kichwa cha lethi kilichokuwa kikizunguka, akapoteza vidole viwili. Hakuwa na mkataba, na jina lake halikuwa limepelekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Alipewa nauli ya kwenda hospitali, basi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka masharti ya kazi yaandikwe, saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Tunaomba wakaguzi wa usalama kazini wa OSHA na maofisa kazi wapite karakana zote, kubwa kwa ndogo, wakianza kwa kutufundisha na wakirudi kutukagua. Mwenye kurudia kosa achukuliwe hatua, hata kama ni mwenzetu.

Kuna pia suala la umeme. Ukikatika kisu kikiwa ndani ya chuma, ncha huvunjika na kazi iliyokaribia kipimo huharibika. Tunaomba tu kujulishwa mapema kabla haujakatwa.

Mwisho, tunaomba ofisi yako iwakutanishe TBS, VETA, SIDO, OSHA na wawakilishi wetu watano kabla ya mwisho wa mwezi Juni. Waitwe pia wasimamizi wa mradi wa Chongoleani, wa bandari na wa mashamba ya mkonge, waje na orodha ya vipuri wanavyoagiza kutoka nje, ili tuonyeshe vile tunavyoweza kuvitengeneza na tuseme wazi vile tusivyoviweza. Sisi tutakuja na sampuli, na kila sampuli itapimwa mbele yako.

Tunaomba kuwasilisha.

Mafundi Wakereza Vyuma, Tanga