Krismasi Huja Wakati wa Palizi

Katika nchi za Ulaya sikukuu ya kuzaliwa Bwana Yesu huja baada ya mavuno, ghala zikiwa zimejaa. Machakos sivyo. Mvua za vuli, ambazo ndizo tegemeo la wakulima wengi wa huko, huanza mwishoni mwa Oktoba, na katika mwezi wa Desemba mahindi na maharagwe yangali machanga shambani yakitaka jembe. Mboga ya kunde ipo, walakini nafaka ya mavuno yaliyopita imekwisha au yakaribia kwisha. Basi Krismasi humkuta mkulima ana kazi nyingi na chakula kichache. Jambo hili lafaa kufikiriwa kwanza na kila Mkristo atakaye kuonyesha imani yake kwa matendo.

Na afikiriwe mjane mmoja wa upande wa Mwala au Yatta, mwenye ekari mbili na watoto wanne. Watoto wakilala njaa, hana budi kwenda kufanya kibarua katika shamba la jirani mwenye uwezo, apate gorogoro moja ya mahindi jioni. Hakuiba wala hakuomba. Amekula jasho lake. Lakini siku ile aliyopalilia shamba la mwingine, lake mwenyewe limeota magugu, na mahindi yakisongwa na magugu katika majuma ya kwanza hayawi tena mazuri hata yakipaliliwa namna gani. Mwezi wa Februari atavuna kidogo, na Desemba ifuatayo atasimama tena mlangoni pa jirani yule yule. Kisha watu hupita njiani wakasema kuwa mama huyu ni maskini kwa sababu shamba lake ni chafu! Hawajui kwamba shamba lake ni chafu kwa sababu ni maskini.

Debe moja la mahindi ni kama kilo 18, yaani sehemu ya tano ya gunia la kilo 90. Jamaa ya watu watano ikila gorogoro moja ya kilo mbili kwa siku, debe hilo ni chakula cha siku tisa. Kwa siku tisa mama yule angeweza kukaa katika shamba lake mwenyewe akapalilia ekari zote mbili. Wala debe hilo lisitolewe kwa ahadi ya kurudishiwa mawili wakati wa mavuno, maana huo si wema, ni biashara, na aufanyaye asiuvike jina la Krismasi.

Sasa na aangaliwe karani afanyaye kazi Nairobi. Hupanda gari tarehe 24, nauli zikiwa zimepanda, katika kituo kile cha mabasi ambacho hata leo huitwa Machakos. Amebeba mikate, sukari, na nguo mpya za watoto. Hakuna ubaya katika hayo; watoto na wafurahi. Lakini chakula cha kumsaidia jirani asiyejiweza kilitakiwa tangu juma la kwanza la Desemba. Zamani mtu aliweza kusema kuwa njia ni ndefu na barua hukawia. Tangu mwaka wa 2007 fedha hutumwa kwa simu, nao udhuru huo umekwisha. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya Waraka wake, alimkemea mtu amwagaye mwenye njaa kwa maneno mema na kumwacha aende mikono mitupu. Salamu za sikukuu zitumwazo peke yake hazina tofauti kubwa.

Tena iko haja ya kutoa kwa adabu. Katika makanisa mengine wahitaji husimamishwa mbele ya watu wote na majina yao kusomwa, kisha mtoaji hupigiwa makofi. Mtu mzima aliyelea watoto wake kwa jembe hapendi kuonyeshwa hivyo, na wengine huona afadhali kukaa na njaa. Chakula kipelekwe nyumbani jioni, kama mtu apelekaye salamu.

Ni kweli kwamba ziko njaa zishindazo nguvu za jirani. Wazee wa Ukambani waliita njaa ya mwaka 1961 Yua ya Ndeke, yaani njaa ya ndege, kwa kuwa baada ya ukame yalikuja mafuriko, barabara zikakatika, na chakula kikaangushwa kutoka angani. Na kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilipungua misimu mitano mfululizo katika sehemu kavu za mashariki ya Kenya. Kazi kama hizo ni za Serikali, wala wema wa mtu mmoja mmoja usifanywe kisingizio cha kuiacha ilale.

Lakini palizi haingoji Serikali. Wakamba wana mwethya, desturi ya majirani kukusanyika na kulima shamba la mmoja wao. Ulipotumiwa kwa shuruti kuchimba matuta wakati wa ukoloni, watu waliuchukia. Walipojichagulia viongozi wao wenyewe katika miaka ya 1950, matuta yalienea milimani. Kati ya tarehe 27 na mwaka mpya vijana wengi wa mjini huwa wangali kijijini, wenye nguvu na bila kazi. Kumi wao, wakianza alfajiri kabla ya jua kali, wataweza kumaliza shamba la mjane kabla ya saa sita, naye atawapikia chai kama sukari ipo. Heri sukari hiyo waje nayo wenyewe.