Unapoanza Kazi Uliza, Tena Muulize Anayejua



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na swahaba zake.

Ndugu wanafunzi, pamoja na nyinyi wazazi wetu wa Nyansurura na vijiji vya jirani, wapo miongoni mwenu ambao muda si mrefu wataingia kazini. Kuna watakaokwenda Nyamongo au kwenye maduara mengine ya wachimbaji wadogo. Kuna watakaouza duka au kushika cherehani, na wapo mabinti watakaokwenda Musoma na Mwanza kufanya kazi za nyumbani. Siku ya kwanza kila mtu huogopa kuonekana hajui, basi hunyamaza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kunyamaza kunaweza kukuua.

Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba swahaba mmoja alijeruhiwa kichwani kwa jiwe wakiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamwambia hana ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari alikasirika sana, akawalaumu kwa nini hawakuuliza kwa kuwa hawakujua, na akafundisha kuwa dawa ya kutojua ni kuuliza.

Tuzingatie jambo hapa. Yule majeruhi aliuliza! Lakini aliowauliza hawakuwa na elimu ya jambo lile, nao wakajibu hivyo hivyo. Kwa hiyo kuuliza peke yake hakutoshi. Muulize anayejua, na ukiulizwa usichokijua, sema sijui.

Sasa tutazame machimboni. Kijana mgeni anapewa zebaki akamatie dhahabu, kisha aichome motoni. Akimuuliza mwenzake kama ina madhara, huambiwa, "Sisi tunachoma miaka yote, mbona wazima?" Hilo ni jibu la wale wenzake majeruhi. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, lakini huingia mapafuni, ukadhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mikono huanza kutetemeka na kumbukumbu hupungua. Mtoto aliye tumboni naye hudhurika, ndiyo maana ni hatari kubwa kuichoma nyumbani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020. Basi nenda kamuulize mganga wa zahanati au ofisi ya madini kuhusu kinga, na kuhusu vyombo vya kufunika vinavyonasa mvuke huo. Jibu la rafiki mwaloni lisikutoshe.

Jambo la pili la kuuliza ni makubaliano. Katika Suratul Qasas tunasoma habari za Nabii Musa (A.S.) na mzee wa Madyan. Kabla Musa hajashika kazi, muda ulitajwa wazi: miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake. Malipo yalijulikana, na Allah akafanywa shahidi. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi kuhusu kazi yake, mahali, tarehe ya kuanza, saa za kazi na ujira. Sheria hiyo hiyo inakataza kumwajiri mgodini aliye chini ya miaka 18. Basi binti yetu anayekwenda mjini, aulize kabla hajapanda basi: Nitalipwa kiasi gani, na lini? Nitalala wapi? Nitapata nafasi ya kuswali? Asiambiwe ana mdomo. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kianswari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza ili waifahamu dini yao.

Watasema wazee kwamba maswali mengi ni utovu wa adabu. Ni kweli kuuliza kuna adabu zake. Musa huyo huyo aliposafiri na Khidhr alitakiwa asubiri mpaka aelezwe. Fundi akiwa katikati ya kazi, subiri amalize. Uliza kwa upole, sikiliza jibu lote, usimuulize kwa kumtahini. Lakini swali linalohusu uhai wako au haki yako liulizwe kabla ya kazi kuanza.

Wazazi, tuwazoeze watoto kuuliza wakiwa nyumbani na hapa madrasa. Mtoto anayekemewa kila akiuliza, ndiye kesho atakayeshika zebaki kwa mikono mitupu akiwa kimya.

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Amin.

Wabillahi tawfiq.