Mchezo wa Himaya na Mkulima wa Mohoro: Rai Juu ya Ufundishaji wa Historia

Makala haya yanahusu jambo ambalo walimu wengi hulipuuza, nalo ni mchezo wa vita unaochezwa katika kompyuta, na nafasi yake katika ufundishaji wa historia. Hapana shaka baadhi ya wasomaji watauliza: je, walimu wa vyuo wamekosa la kuzungumza? Tunaomba watuvumilie, kwa kuwa hoja yetu haikuzaliwa katika mashine, ilizaliwa darasani.

Tulikuwa Mohoro, katika bonde la Rufiji, kuwatazama wanachuo wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Somo la siku ile lilikuwa Vita vya Maji Maji. Mwanachuo aliandika ubaoni sababu sita za vita, wanafunzi wakazinakili, kengele ikalia. Hakuna aliyeuliza swali. Baadaye, chini ya mwembe, tulimkuta mmoja wa wanafunzi wale wale akiwachorea wenzake mchangani jinsi ya kumshinda adui mwenye ngome. Aliwaambia wasianze na ukuta. Waanze na wakata miti na wachimba dhahabu wa adui, kwani akikosa miti hawezi kulima, na asipolima hapati askari. Alikuwa akieleza mchezo aliojifunza katika kompyuta ya duka moja la kuchapa barua huko Kibiti. Tuliona haya. Kijana aliyekuwa kimya darasani alikwisha kufahamu uhusiano wa uchumi na vita, ila hapana mwalimu aliyemwuliza.

Mchezo wenyewe unaitwa Age of Empires II. Ulitolewa mwaka 1999 na kampuni ya Ensemble Studios ya Marekani, na hadi leo unachezwa pote duniani. Kwa kawaida mchezaji huanza na wanakijiji watatu na mpelelezi mmoja aliyepanda farasi. Huwatuma wanakijiji kutafuta vitu vinne: chakula, miti, dhahabu na mawe. Kwa mali hiyo huzidisha watu, hujenga nyumba, ngome na merikebu, na kuivusha nchi yake kutoka Zama za Giza hadi Zama za Ukabaila, kisha Zama za Ngome na mwisho Zama za Himaya. Tofauti yake na bao letu ni hii: katika bao kila mtu hungoja zamu yake, lakini katika mchezo huu zamu hakuna. Wote hutenda kwa wakati mmoja, na anayezubaa huvamiwa.

Faida yake kwa somo la historia ni dhahiri. Tuchukue mfano wa Kilwa, iliyo kusini ya Mohoro. Vitabu husema kwamba Kilwa ilitajirika kwa dhahabu, na mwanafunzi hukariri hivyo bila kujiuliza dhahabu hiyo ilichimbwa wapi. Ilitoka bara, ikapitia Sofala, na Kilwa ikanufaika kwa kuitawala njia ya biashara. Kwa utajiri huo ndipo lilipojengwa kasri la Husuni Kubwa, na ndipo Ibn Battuta alipoufikia mji huo mwaka 1331 akausifu kwa uzuri wake. Mwanafunzi aliyekwisha kupigania bandari katika mchezo hahitaji kukaririshwa. Anajua kwamba mwenye kushika njia hupata kuliko mwenye kuchimba.

Hata hivyo, lazima tuseme wazi kwamba mchezo huu una kasoro mbili kubwa, na mwalimu asiyeziona atapotosha.

Kasoro ya kwanza ni mahali anapokalishwa mchezaji. Mwaka 2015 ilitolewa nyongeza iliyohusu falme za Afrika. Iliwaongeza Wamali, Wahabeshi, Waberberi na Wareno; Waswahili hawakuwamo katika hao wanne. Kimojawapo cha visa vya nyongeza hiyo humfuata Francisco de Almeida, jemadari wa Kireno. Sisi wa pwani tunamjua Almeida kwa jambo jingine: Julai 1505 aliingia Kilwa kwa nguvu, akauteka mji na kujenga ngome, na mwezi uliofuata akaiteka na kuichoma Mombasa. Katika mchezo, mtoto wa pwani huongoza merikebu za Almeida. Hatusemi kwamba ni dhambi kuyaona mambo kwa jicho la adui. Mwanahistoria hana budi kufanya hivyo. Tunasema kwamba asiishie hapo.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo inamhusu mwanakijiji. Katika mchezo, mwanakijiji hununuliwa kwa vipimo 50 vya chakula. Baada ya hapo hali tena, hachoki, haugui, hana mtoto, wala hakatai amri. Ukimtoa shambani ukampeleka kukata miti, huenda. Akiuawa, unanunua mwingine. Mchezaji humtazama kutoka juu kama mwewe atazamavyo vifaranga.

Sasa tuiweke picha hiyo kando ya Mohoro. Mkulima wa Rufiji hungoja maji ya mto yapungue ndipo apande mlau, na hukaa katika dungu akilinda mpunga dhidi ya ndege na wanyama. Siku zake hazina ziada. Wajerumani walipowalazimisha watu wa nchi hii kulima pamba chini ya usimamizi wa maakida na majumbe, waliwahesabu jinsi mchezo unavyowahesabu: mikono isiyo na matumbo. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa pamba, na vita vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye maji yake yaliwaunganisha watu wa makabila mengi, alinyongwa papa hapa Mohoro mwezi Agosti mwaka huo. Vita vilipokwisha mwaka 1907 walikuwa wamekufa watu wasiopungua makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa kwa njaa, kwa kuwa majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala kwa makusudi. Mbinu ile ile aliyoichora kijana wetu mchangani ndiyo iliyowaangamiza babu zake. Je, twaweza kumwacha asijue?

Kwa hiyo hatupendekezi kuupiga marufuku mchezo, wala kungoja kompyuta ambazo shule nyingi hazina. Tunapendekeza kuuchukua mfumo wake na kuugeuza. Pamoja na mwanachuo wetu tulijaribu hivi. Kila kundi lilipewa mawe 10, ndio watu wa kijiji, na punje 12 za mahindi, ndilo ghala. Kila mwezi kila jiwe hula punje moja, na kila jiwe lililo katika mpunga huleta punje mbili. Mawe matano yakiwa shambani, kijiji chajitosheleza, na matano mengine yaweza kukata boriti, kujenga madungu au kuchonga mitumbwi. Kisha huja akida na kuchukua mawe saba kwa ajili ya pamba. Matatu yaliyobaki huleta punje sita, na walaji bado ni kumi. Mwisho wa mwezi wa tatu ghala ni tupu.

Darasa lilinyamaza, lakini ukimya huu haukuwa ule wa siku ya kwanza. Kijana wetu ndiye aliyeuvunja. Aliuliza: "Sasa hawa watu wafanye nini?" Swali hilo lina thamani kuliko sababu sita zilizoandikwa ubaoni, maana linamweka mwanafunzi pale walipokuwapo wenye historia yao. Kutoka hapo mwalimu aweza kuendelea na habari za Nandete, za maji, na za Mohoro yenyewe. Mwalimu wa Kiswahili naye aweza kulipokea darasa hilo kwa tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969.

Rai yetu basi ni hii. Kwanza, mwalimu aulize wanafunzi wake wanacheza nini, asikie wanachokwisha kujua. Pili, vyuo viwazoeze wanachuo kutunga michezo ya namna hii kwa mawe, punje na mchanga, vitu vinavyopatikana kila mahali. Tatu, na hili ndilo kuu, katika kila mchezo wa vita mwanafunzi akalishwe walau mara moja katika nafasi ya mwanakijiji. Tukishindwa katika hilo, tutakuwa tumelea kizazi kinachojua kutawala ramani, lakini hakijui ni nani anayekula na nani anayelala na njaa ndani yake.