Moli si Gunia: Maoni kuhusu Kufundisha Hesabu ya Chembe katika Shule za Moiben

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hii, ambayo aghalabu mwanafunzi huitumia kuipamba insha pasi na kuitafakari, ndiyo kiini cha mada inayowatoa jasho wanafunzi wengi wa Kemia: mada ya moli. Huko Moiben, katika kaunti ya Uasin Gishu, mahindi na ngano ndiyo maisha ya watu. Mtoto hukua akiona haba ikijaza gorogoro, gorogoro likijaza debe, na debe likijaza gunia la kilo 90. Hata hivyo, mtoto huyo huyo afikapo kidato cha tatu na kuambiwa kwamba moli moja ina chembe 6.02 × 10²³, hukodoa macho kana kwamba amesomewa uganga.

Wapo wanaodai kwamba kosa ni la tarakimu yenyewe, kwa kuwa ni kubwa mno. Wengine huulaumu udhaifu wa wanafunzi katika Hisabati. Makala haya yanashikilia kwamba lawama hizo zimepotea njia. Kinachomkwaza mwanafunzi ni kwamba hupewa fomula kabla ya kupewa wazo, tena katika lugha ambayo hajawahi kuitumia kuhesabu wala kupimia kitu chochote cha maana kwake. Hukariri kwamba uzito hugawanywa kwa uzito wa moli moja, akabofya kikokotoo, akapata jibu, asijue amehesabu nini.

Wazo lenyewe si geni shambani. Hakuna mkulima awezaye kuketi na kuhesabu punje za gunia zima moja baada ya nyingine. Akitaka kujua idadi yake, atahesabu punje 100, azipime, kisha agawanye. Ikiwa punje 100 za mahindi zina gramu 36, basi gunia la kilo 90 lina punje zipatazo 250,000. Ikiwa punje 100 za maharagwe zina gramu 45, gunia la uzito uo huo lina punje 200,000 tu. Huku ndiko kuhesabu kwa mizani, na ndiko afanyako mwanakemia, kwa sababu atomi ni ndogo mno zisiweze kuhesabiwa kwa kidole.

Hapa pana mtego ambao mwalimu sharti auepuke. Ni rahisi kusema kwamba moli ni kama gunia. La hasha! Gunia hushikilia uzito na kuiacha idadi ibadilike. Moli hushikilia idadi na kuuacha uzito ubadilike. Moli iko karibu zaidi na dazeni: dazeni ya mayai na dazeni ya vikombe ni kumi na mbili kumi na mbili, ilhali uzito wake haulingani. Vivyo hivyo, gramu 12 za kaboni, gramu 56 za chuma na gramu 64 za shaba zina idadi moja ya atomi. Gramu 18 za maji, ambazo ni kama funda moja tu, zina moli nzima ya molekuli. Mwanafunzi anayedhani kwamba moli ni uzito hajakosea hesabu, amefananishiwa vibaya.

Hata punje zisizolingana zina somo lake. Gramu 0.36 kwa punje ni wastani, kama vile 35.5 ya klorini ilivyo wastani wa atomi nzito na nyepesi zaidi.

Kuhusu ukubwa wa tarakimu, mahindi yenyewe yanaweza kuwa ushahidi. Dunia nzima huvuna takribani tani bilioni 1.2 za mahindi kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, kuvuna moli moja ya punje kungehitaji zaidi ya miaka milioni 150. Tena mwanafunzi aelezwe kwamba tarakimu hii ni makubaliano ya wanadamu. Amedeo Avogadro, Mwitalia aliyetoa hoja yake kuhusu gesi mwaka 1811, hakuijua. Ni Jean Perrin aliyeipa jina la Avogadro mwaka 1909, na ni tarehe 20 Mei 2019 ilipoanza kutumika thamani isiyobadilika ya 6.02214076 × 10²³.

Je, kuna faida gani nje ya chumba cha mtihani? Mkulima wa Moiben hununua mbolea ya urea katika mfuko wa kilo 50 ulioandikwa asilimia 46. Moli moja ya urea ina gramu 60, na kati ya hizo gramu 28 ni nitrojeni, yaani karibu asilimia 47. Hivyo mfuko mzima una takribani kilo 23 za nitrojeni. Mwaka 2024 Kenya ilitikiswa na kashfa ya mbolea bandia iliyouziwa wakulima. Ni kweli kwamba hesabu peke yake haifichui ulaghai. Hiyo ni kazi ya maabara. Lakini anayejua maana ya asilimia ile anajua pia swali la kuuliza kabla ya kutoa fedha zake.

Wapo watakaopinga kwamba mtihani huandikwa kwa Kiingereza, hivyo Kiswahili kitamchelewesha mwanafunzi. Hoja hii ina uzito, ila haimzuii mwalimu kufafanua wazo kwa Kiswahili kisha kulifunga kwa Kiingereza. Wapo pia watakaosema kwamba lugha ya nyumbani Moiben ni Kikalenjin. Naam, lakini sokoni, penye mizani na wanunuzi kutoka kila pembe, Kiswahili ndicho husikika. Istilahi nazo zipo: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990.

Pengo lililopo ni la watu. Aghalabu anayesomea ualimu wa Kiswahili hukiambatanisha na Historia au Dini, naye wa Kemia huiambatanisha na Hisabati au Biolojia. Wawili hao hukutana katika chumba cha walimu pekee. Mwezi Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10. Iwapo umilisi ni neno lenye maana, basi kipindi cha kwanza cha moli kianze kwa mizani na mahindi mezani, na vyama vya wanafunzi wa Kiswahili viketi na wenzao wa Kemia kuandaa maelezo ya kipindi hicho. Fomula ije baadaye, imkute mwanafunzi anajua anachohesabu.