Maganda ya Mgomba na Mikono ya Watoto

Kila ifikapo Desemba na shule zikafungwa, wazazi wengi wa Arusha hukimbilia madukani kutafuta vya kuwashughulisha watoto, ilhali toka Tengeru hata Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, migomba imesimama nyuma ya nyumba na maganda yake makavu yananing'inia bure.

Juzi naliketi barazani na wajukuu wangu wawili, tukayachambua maganda hayo, tukayarowesha kidogo yasivunjike, tukayalaza chini ya vitabu vizito hata yakanyooka; na gundi yetu ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano. Yule mdogo alitambua mwenyewe, bila ya kuambiwa, kuwa ganda la nje ni la kahawia iliyokoza na la ndani lang'ara mithili ya hariri. Akalikata la giza likawa mlima, na lile la ndani akalibandika kileleni liwe wingu, juu ya kadi ya Krismasi ya shangazi yake.

Nawasihi wazazi waketi chini pamoja na watoto wao, kwani kumkabidhi mtoto mkasi kisha ukaondoka si malezi. Na akaaye Kaloleni, asiye na mgomba, na awaulize wauza ndizi wa Soko la Kilombero.