Mazungumzo ya Nyumbani: Safeni Mshika Usukani

Walimu wetu huwafundisha watoto habari za Stanley, na wavuvi wa Shirati wayajua maji aliyopita mwaka 1875. Lakini ni nani waliovuta makasia? Katika Lady Alice, mashua iliyochukuliwa vipande vipande mabegani toka Bagamoyo, walikuwamo mabaharia 10, na Safeni akishika usukani.

Upepo ukiwapo, hutweka tanga. Usipokuwapo, huvuta makasia na jua li utosini. Huko Bumbire, mwezi wa Aprili, walinyang'anywa makasia yao, naye Stanley akapiga bunduki hata watu wakafa. Jambo hilo hatulisifu kamwe. Wakang'oa mbao za mashua, wakazifanya kuwa makasia. Kisha dhoruba ikawashika. Chakula chao kilikuwa ndizi 4 kwa watu 12! Wakagawana, hata wakafikia kisiwa kisicho na watu, wakapata ndizi na bata.

Safeni aliendelea na safari hiyo mpaka mto Kongo. Mwaka 1877, aliposikia ya kuwa bahari i karibu, furaha ikamtia wazimu. Akaingia mwituni pamoja na kasuku wake. Wenzake wakamtafuta, wasimwone.