Tusidharau Ukili na Kifuu Shuleni

Kumezuka mazoea ya kumshauri kila aliyelemewa na dhiki atafute la kumfurahisha, ashukuru kwa kidogo alicho nacho, atabasamu. Ushauri huu husikika redioni na katika mikutano ya wazazi, na sisi walimu tumeupokea na kuwapokeza wanafunzi bila kuuchuja. Mimi nina shaka nao. Mtu aliyeachishwa kazi hotelini Diani hawezi kushiba tabasamu. Hata hivyo, katika miaka yangu ya kufundisha huku Msambweni, nimeuona wakati mmoja ambapo jambo dogo, tena la kienyeji kabisa, liliwashikilia watoto wasizame. Ningependa kulieleza, pamoja na kosa nililolitenda mimi mwenyewe ndani yake, kwa sababu naona shule zetu zinaelekea kulipoteza kwa mara ya pili.

Msomaji atakumbuka kwamba shule zote nchini zilifungwa katikati ya Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Tarehe 25 mwezi uo huo safari za ndege za abiria kutoka ng'ambo zilisimamishwa, na siku mbili baadaye ikaanza amri ya kutotoka nje usiku. Kufikia tarehe 8 Aprili mipaka ya Kwale, pamoja na ya Mombasa na Kilifi, ilikuwa imefungwa. Kwa mtu wa mbali huenda hizo zilikuwa habari za kusoma gazetini tu. Kwetu ziliuzima moto jikoni. Pwani yote ya kusini, kuanzia Diani hadi Shimoni, imezoea kula kwa mgeni: mpishi, mtandika vitanda, mchonga vinyago, muuza madafu, mwenye mashua ya kuwapeleka watu Kisite. Wote hao walirejea nyumbani katika muda wa juma moja au mawili. Mvuvi wa usiku naye akazuiliwa na kafyu. Wazee walikumbuka Agosti 1997, machafuko ya Likoni yalipowafukuza watalii, ila safari hii hata kuondoka kwenda kubahatisha kwingine hakukuwezekana. Kivuko cha Likoni kikawa mbali kama Maskati.

Serikali ilipeleka masomo redioni na kwenye televisheni. Sina la kuwalaumu waliotayarisha vipindi hivyo, kwani vilitayarishwa vyema. Lakini nyumba nyingi za wanafunzi wangu hazikuwa na umeme, na betri za redio ni pesa, na katika mwezi ule pesa ilikuwa unga. Nilianza kuwazuru kwa miguu wale wa darasa langu la sita waliokuwa karibu. Nilichokikuta barazani kilinitisha. Baba ameketi akitazama barabara isiyopita gari, na mtoto ameketi kando yake akitazama kule kule. Watoto hawa hawakuwa wakicheza. Walikuwa wameuvaa msiba wa wakubwa bila kuambiwa ni msiba gani.

Jambo lenyewe lilianza kwa haja, wala si kwa hekima yangu. Tulitakiwa kunawa mikono, na mfereji ni mmoja kwa nyumba nyingi. Nikawaonyesha watoto watatu jinsi ya kuunda kibuyu chirizi. Unachukua mtungi wa plastiki wa lita 5, unautoboa tundu dogo karibu na mdomo, unautundika kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, kisha unafunga kamba kutoka shingoni mwa mtungi hadi kwenye kijiti kilicholala chini. Ukikanyaga kijiti, mtungi unainama na maji yanachirizika, wala mkono wako haugusi kitu. Kipande cha sabuni hutundikwa kando. Ni kazi ya saa moja. Watoto wale watatu waliifanya kwa asubuhi nzima, wakibishana juu ya ukubwa wa tundu, na ilipofika adhuhuri walikuwa wanacheka. Kesho yake niliwakuta wameshaunda vingine vinne kwa majirani.

Kuanzia hapo sikuwa tena na haja ya kuwashawishi. Mvulana mmoja aliunda gari la waya lenye magurudumu ya ndara kuukuu zilizookotwa ufuoni, na usukani mrefu wa kuliendeshea akiwa amesimama. Wengine walikata vifuu wakavitia mipini vikawa kata za kutekea maji, na waliokaa karibu na bahari wakachonga ngalawa za urefu wa shubiri mbili, wakazitia matanga ya mifuko ya unga. Wasichana, na wavulana wawili ambao sitawataja wasije wakaona haya, walishona barakoa za mikono kwa vipande vya leso za mama zao. Lastiki ilipokosekana madukani walitumia kamba za kitambaa kile kile. Ramadhani ilipoingia mwishoni mwa Aprili, misikiti ikiwa imefungwa na watu wakiswali tarawehe majumbani, nyumba moja ilihitaji mkeka wa kutosha watu wanane. Hapo ndipo nyanya wa nyumba ile alipotoa miyaa yake iliyokuwa imefungwa darini tangu msimu wa kiangazi.

Niruhusiwe kukaa hapa kidogo, maana ufundi huu wengi wetu tumezaliwa juu yake na hatujui unavyokwenda. Miyaa hukatwa ikingali changa, kabla majani hayajafunguka, ikaanikwa juani hadi ikageuka nyeupe. Huchanwa ikawa chane nyembamba za upana mmoja, zingine zikatiwa rangi. Msusi hulowesha chane kidogo ili zisikatike, ndiyo maana mvua za masika, ambazo ni adui wa mwanikaji, ni rafiki wa msukaji. Husukwa ukili, utepe mmoja usio na mwisho, chane mpya ikichomekwa kila ile ya zamani inapokaribia kuisha. Ukili huviringwa kama gurudumu hadi siku ya kushona, kisha hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka mkeka utimie. Kosa la chane moja huonekana umbali wa pima nzima baadaye, nalo halifichiki. Lazima ufumue hadi ulikokosea.

Msichana wa nyumba ile alikuwa mwanafunzi wangu. Hesabu zilikuwa zimemshinda darasani. Siku moja nilimkuta amekaa na nyanya yake, nikamuuliza: ikiwa mkeka una urefu wa sentimita 200 na upana wa sentimita 150, na ukili una upana wa sentimita 5, utasuka ukili wa urefu gani? Alinyamaza, akatazama gurudumu la ukili, akasema mita 60. Nyanya, ambaye hajawahi kukaa darasani hata siku moja, alisema pima 33 hivi, na ongeza mbili za kupinda kingo. Wote wawili walikuwa sahihi. Nilikuwa nimeifundisha mada ya eneo kwa muhula mzima kwa chaki, na mtoto yule hakuwahi kunijibu swali hata moja.

Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani hasa kiliwatuliza watoto wale. Jibu nililo nalo ni hili. Ugonjwa ule haukuwa na mwisho unaojulikana. Shule zingefunguliwa lini, baba angeitwa kazini lini, hakuna aliyejua, na mtu mzima akiulizwa hukasirika. Gari la waya lina mwisho. Ukili wa leo una mahali ulipofikia, na kesho unaendelea kutoka hapo. Tena mikono inapokuwa na shughuli ulimi hufunguka. Watoto waliokuwa hawasemi walisema wanachokiogopa huku macho yao yakiwa kwenye chane, kwa sababu hawakulazimika kumtazama mtu usoni. Mimi mwenyewe, niliyekuwa silali vizuri kwa wasiwasi, nilijifunza kusuka pakacha la ukuti wa mnazi. Langu lilikuwa la kuchekesha, lakini usiku ule nililala.

Sasa nije kwenye kosa langu. Niliwasifu watoto wale mno, na nilimsifu zaidi yule wa ukili. Nilimwambia nyanya mbele yake kwamba mikono ya mjukuu wake ni ya dhahabu. Akatokea mnunuzi wa kili, akawa anakuja kila Alhamisi. Bei yake ilikuwa ndogo, lakini katika nyumba ile haikuingia pesa nyingine. Mipaka ya Kwale ilifunguliwa mwanzoni mwa Juni na ndege za nje zikarudi tarehe 1 Agosti, ingawa wageni walibaki wachache. Mwezi Oktoba wakarudi shuleni wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne peke yao. Darasa la sita lilibaki nyumbani hadi tarehe 4 Januari 2021. Siku hiyo nilipoita majina, msichana yule hakuwapo. Wiki ya pili hakuwapo.

Nilikwenda kwao. Nilimwamkia nyanya shikamoo, akaniitikia marahaba, akanikaribisha kwenye mkeka, na mjukuu wake akawa ndani anasuka, naisikia mikwaruzo ya chane. Nikasema shule zimefunguliwa. Nyanya akanijibu kwa upole, "Mwalimu, si wewe uliyemwambia asuke?"

Sikuwa na jawabu. Kilichokuwa pumziko la mtoto nilikuwa nimekisukuma, kwa sifa zangu, hadi kikawa kibarua chake. Tulizungumza hadi jua likazama. Mwisho tulikubaliana asuke Jumamosi tu, na mama yake mdogo achukue sehemu ya kazi ya siku nyingine. Alirudi shuleni wiki ya tatu, akafanya mtihani wa KCPE mwaka 2022. Wapo wengine, wa shule yangu na za jirani, ambao hawakurudi kabisa. Baadhi yao walikuwa wameshaolewa au ni waja wazito, na hakuna gari la waya ambalo lingeyazuia hayo. Nayataja ili mtu asije akadhani nauza ukili kama dawa ya umaskini. Wanaohubiri furaha ndogo ndogo mara nyingi husahau kuuliza ni nani aliyechukua kile kikubwa.

Lakini kwa kuwa kazi ya mikono haiponyi kila kitu, je, tuitupe? Naona ndivyo tunavyofanya, tena kwa njia ya ajabu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sanaa na kazi za mikono zilikuwa somo la kutahiniwa. Walioishi miaka ile wanajua kilichofuata: mzazi alinunua fagio na kikapu sokoni, mtoto akavipeleka shuleni kuwa ni vyake, mwalimu akavitia alama, na kikapu kikaishia nyumbani kwa mwalimu. (Mimi nami nina kikapu kimoja cha namna hiyo, na bado ni kizima.) Somo likaondolewa kwenye mtihani mapema katika miaka ya 2000, na lilipoondolewa kwenye mtihani likaondoka na kwenye ratiba. Mtaala wa Umilisi uliosambazwa nchini mwaka 2019 ukalirudisha kwa heshima. Nikafurahi. Kisha nikamwona mzazi muuza samaki akipanga foleni kwenye duka la kuchapishia, saa moja jioni, anunue karatasi za rangi, gundi na picha ya mkeka iliyopigwa chapa. Picha ya mkeka, huku Msambweni!

Mwenzangu mmoja ananiambia kwamba muda hautoshi, na kwamba tangu mihula ilipobanwa mwaka 2021 na 2022 ili kufidia ule mwaka uliopotea, walimu wamezoea kukimbia na mtaala. Nakubali. Nami nilikimbia. Ila kukimbia huko ndiko kulikotufanya tukamwachia mzazi kazi ambayo ingefanywa chini ya mwembe wa shule bila gharama yoyote. Ombi langu ni dogo. Shule itenge kipindi kimoja kwa juma. Nyanya wa kijiji, au fundi wa madema, au mchonga kata, aalikwe na alipwe nauli na chai, maana yeye pia ni mwalimu. Malighafi yawe yale yanayookotwa: ukuti, kifuu, ndara, waya, kitambaa. Vitu vitakavyoundwa visitiwe alama wala visiuzwe, angalau si kwa jina la mtoto, na vibaki shuleni au viende nyumbani kutumika. Mwalimu wa hesabu akitaka kuvipima, avipime.

Nililiwasilisha jambo hili katika mkutano wa walimu muhula huu. Nilibeba mkeka ule wa Ramadhani, ambao nyanya alinipa msichana alipomaliza darasa la nane, nikautandika sakafuni ili waone. Kona moja imeanza kufumuka, na mwalimu kijana wa kutoka bara alichutama akaanza kuitazama namna chane zinavyopishana, akauliza kama inaweza kurekebishwa. Nilimwambia nyanya yule angali hai, na nyumba yake haifiki mwendo wa nusu saa. Mwalimu mkuu amesema tulizungumze tena baada ya mtihani wa mwisho wa muhula. Mwalimu kijana hakungoja. Jumamosi iliyopita aliuchukua mkeka akaufunga kwenye baiskeli, akaniuliza njia.